Kivuli cha Kumi na Tatu

Ubaoni kila zana ina kivuli chake,
nilichokipaka mwenyewe kwa rangi nyekundu:
koleo, bisibisi, nyundo ya mpira,
spana kuanzia nane hadi ishirini na mbili.
Kazi ikiisha, zana hurudi kulala juu ya vivuli vyao.
Ndiyo sheria ya hanga, na sheria haijui Jumamosi.

Leo Jumamosi. Soroti nzima iko uzioni.
Muuza njugu amesahau kuuza,
na ule mwamba wetu nyuma ya mji
umetoa watu kama kichuguu kilichoonja mvua ya kwanza.

Propela ikakohoa mara mbili, ikashika.
Sauti ile huifahamu kwa nyayo kabla ya masikio:
silinda sita, na mbili kati yake nilizifungua juzi.
Kapteni Imalingat akaniinulia kidole kimoja,
akaachia breki.

Chuma kilicheza, jamani.
Kilipanda wima hadi kikakosa pumzi,
kikasimama hewani
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani,
kisha kikajilaza ubavu, kikapiga mbizi,
na moshi mweupe
(lita kumi za mafuta, nilizimimina mimi)
ukachora duara juu ya uwanja
na kulifunga palepale lilipoanzia.
Watu wakapiga kelele. Nami nikapiga, koo likaniuma.
Nikageuka nimwambie mtu, yeyote, "Umeona?"
Jicho likapita ubaoni.

Kivuli kimoja kilikuwa wazi.

Nikapapasa ovaroli. Mfuko wa kulia, kitambaa.
Wa kushoto, nati mbili na nusu ya chapati.
Chini ya benchi. Ndani ya ndoo ya oili chafu, hadi kiwiko.
Hapana.
Ndipo nikakumbuka boliti ya nyuma ya kiti,
saa kumi na moja alfajiri, tochi mdomoni,
na simu ya dada yangu Akiteng: mtoto ana homa, njoo.

Huko juu ndege ilikuwa imelala chali.
Mtangazaji akachekelea kwenye kipaza sauti:
"Kichwa chini, miguu juu, mabibi na mabwana!"
Spana ya kumi na tatu haina uzito wa kutisha.
Haihitaji uzito. Inahitaji upenyo tu,
pale usukani unapoingia sakafuni,
ijikunje humo kama kidole mlangoni.
Ikabingirika mara moja. Mara ya pili.
Makofi yalinipiga mimi.
Shuka, nikasema, imetosha, shuka,
na mwamba ukanijibu kwa mwangwi wa injini.

Akashuka.
Magurudumu yaligusa lami kama kikombe kikiwekwa kisahanini.
Propela ikapungua, ikapungua,
ikawa mapanga matatu tena. Niliyahesabu.

Imalingat alifungua kioo, shati limemganda.
Akanipa mkono kama anayenipongeza,
na kiganjani mwake mlikuwa na chuma, moto wa mwili wake.
"Hii yako," alisema polepole. "Iliangukia juu.
Nilipopinduka tu ikanigonga kofia, ikalala kwenye kioo,
katikati yangu na Soroti.
Nikaidaka. Michezo iliyobaki nimeicheza nikiikalia."

Mpiga picha akatuambia tutabasamu.
Tukatabasamu.

Sasa ni usiku, hanga linanuka petroli.
Nimeilaza kumi na tatu juu ya kivuli chake,
nimeitoa, nimeilaza tena.
Mtoto wa Akiteng amepoa; ametaka kujua
kama ndege ilipoelekea chini mawingu yalimwagika.
Nimefungua daftari la makosa, kwa wino, si kwa penseli.
Fundi: Asekenye.
Zana iliyopotea: spana, namba kumi na tatu.
Mahali ilipopatikana:
kalamu ikasita kidogo hewani,
kisha nikaandika, juu.